Mwalimu, Mtoto na Jamaa: Uamuzi wa Kimaadili katika Shule za Kisii na Nyamira

Uamuzi wa kimaadili katika ualimu ni ule ambao mwalimu huufanya pale anapovutwa na pande mbili, na kila upande una mtu anayeweza kumlaumu. Kuandaa somo, kusahihisha madaftari na kufika darasani kwa wakati ni wajibu pia, lakini anayeuacha wajibu huo anajua kwamba ameuacha. Ugumu huanza mwalimu anapoombwa jambo litakalomdhuru mwanafunzi, na mwombaji ni mzazi anayemheshimu, mkuu wake wa kazi au ndugu yake wa damu. Katika kaunti za Kisii na Nyamira waombaji hao watatu mara nyingi ni majirani wa mwalimu mwenyewe, na ndiyo sababu maadili ya ualimu hapa yanastahili kuchunguzwa kwa makini.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika milima ambako shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi familia nyingi zimebaki na kipande kisichoweza kuzilisha. Mzazi asiye na ardhi ya kumrithisha mwanawe humrithisha shule. Wamisionari Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventista wa Nyanchwa walianza kufundisha watu kusoma na kuandika mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu hapo Abagusii, wenyeji wa kaunti hizi mbili, wameishika elimu kwa mikono miwili. Mawaziri wa elimu wa taifa Sam Ongeri, Fred Matiang'i, Ezekiel Machogu na Julius Ogamba wote wametoka katika jamii hii. Fahari hiyo ni ya haki, ila ndiyo hiyo hiyo inayomlemea mwalimu. Familia iliyouza ng'ombe ili kulipa karo huja shuleni ikiwa na dai.

Walimu wengi, hasa wa shule za msingi, hufundisha karibu na walikozaliwa. Mwalimu hukaa kanisani Jumamosi au Jumapili pamoja na wazazi wa darasa lake, huchanga nao kwenye matanga, hukopa nao katika chama kimoja. Mwanafunzi anayemwadhibu Jumatatu ni mtoto wa binamu yake. Yapo manufaa makubwa katika hali hii, kwa kuwa mwalimu anajua nyumba ipi imelala njaa na mtoto yupi analelewa na bibi. Lakini mwalimu huyo huyo anajua pia kwamba neno lake likimgusa mtu wa ukoo, halitaishia ofisini. Litamfuata hadi kwenye kikao cha mahari na kwenye mpaka wa shamba.

Sheria ya Kenya imeyapanga mambo haya kwa lugha iliyo wazi. Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu, na inampa haki ya kulindwa dhidi ya ukatili na mila zenye madhara. Ibara ya 237 inaipa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, mamlaka ya kuwasajili walimu, kuwaajiri na kuwatia nidhamu. Chini ya Sheria ya TSC ya mwaka 2012 zilitolewa, mwaka 2015, kanuni za kazi pamoja na kanuni za mwenendo na maadili ya walimu. Anayefukuzwa kazi kwa kosa zito huweza pia kuondolewa katika sajili, na asiye katika sajili haruhusiwi kufundisha popote nchini, iwe shule ya umma au ya binafsi.

Kwa hiyo upungufu wa sheria sio tatizo. Mwalimu wa Nyamira anayejikuta taabani kwa kawaida anajua kanuni inasema nini. Asichofundishwa chuoni ni namna ya kumkatalia mjomba wake.

Mila yenyewe humsaidia upande mmoja na kumfunga upande mwingine. Abagusii wana utaratibu wa heshima kati ya vizazi uitwao chinsoni. Kwa utaratibu huo, mtu wa kizazi cha wazazi hatamki wala hatendi mbele ya mtu wa kizazi cha watoto mambo yanayohusu unyumba, na mtoto wa mwenzake humhesabu kuwa mtoto wake. Mwalimu akiwekwa mahali pake katika utaratibu huu, yuko upande wa wazazi, na kumtamani mwanafunzi ni aibu kubwa kabla hata ya kuwa kosa la jinai. Lakini heshima hiyo hiyo humfanya mwalimu kijana ashindwe kumwambia mzee, uso kwa uso, kwamba analolipanga ni kosa. Anayetaka kuelewa kwa nini makosa mengi ya shule hunyamaziwa katika eneo hili aanzie hapo, kabla ya kuzungumzia rushwa.

Mtihani ndio unaoonyesha shinikizo hili hadharani zaidi. Mwaka 2015 wizi wa mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, KCSE, ulikithiri nchini, na matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa. Mwezi Machi 2016 Waziri Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira, aliivunja bodi ya Baraza la Mitihani la Kenya, na George Magoha akawekwa kuwa mwenyekiti mpya. Karatasi zilianza kufungiwa kwenye kontena zenye ulinzi wa polisi, na walimu wakuu wakafanywa kuwa wasimamizi wa vituo, wanaozichukua wenyewe alfajiri na kuwajibika kwa majina yao. Mwaka huo idadi ya waliopata gredi ya A kote nchini ilishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Takwimu hiyo inatisha, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu wazima, wengi wao walimu, waliokuwa wakikubali kila mwaka kuwa sehemu ya udanganyifu, na kila mmoja akijiambia kwamba anawasaidia watoto.

Ulinzi haukumaliza mambo. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2022 yalipotangazwa Januari 2023, Shule ya Upili ya Nyambaria ya Nyamira iliongoza nchi, na shule nyingine kadhaa za Gusii, yaani eneo la Kisii na Nyamira, zilipanda kwa kasi. Badala ya pongezi tupu kukawa na ubishi wa kitaifa, hadi Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa ikaanza kuchunguza jinsi mtihani ulivyosimamiwa. Si kazi ya makala haya kuihukumu shule yoyote. Kilichoonekana bila uchunguzi ni kwamba mwanafunzi aliyekesha na vitabu vyake alijikuta akitazamwa kwa jicho la shaka pamoja na aliyepewa majibu, na hana njia ya kujitetea. Hilo ndilo dhara ambalo mwalimu anayefungua karatasi mapema halifikirii. Anahesabu watakaofaidika, hawahesabu waaminifu anaowaibia sifa yao. Mwaka 2023 wizara iliamua karatasi za asubuhi na za alasiri zichukuliwe kwa awamu mbili, ili za alasiri zisikae shuleni saa nyingi kabla ya kufanywa.

Kontena ina kufuli, dhamiri haina. Chini ya mtaala wa umilisi sehemu kubwa ya tathmini imewekwa mkononi mwa mwalimu mwenyewe. Alama za kumpangia mwanafunzi nafasi katika sekondari pevu zinatokana na mtihani wa mwisho wa Gredi ya Tisa kwa asilimia 60, mtihani wa Gredi ya Sita kwa asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane kwa asilimia 20. Asilimia hizo 20 za mwisho hazilindwi na polisi. Mwalimu wa sekondari msingi huko Bobasi au Borabu anaweza kuandika alama ya kazi ambayo mwanafunzi hakuifanya, na pengine hakuna atakayegundua. Mwakenya, kile kikaratasi kinachofichwa kwenye soksi, kilikuwa kosa la mwanafunzi. Alama ya kubuni ni kosa la mwalimu peke yake, na ualimu wa Kenya haujawahi kukabiliwa na jaribio la uaminifu lililo pana kiasi hiki.

Kuhusu kiboko, sheria imekuwa wazi kwa muda mrefu kuliko umri wa baadhi ya walimu wanaokishika. Adhabu ya viboko shuleni ilifutwa mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya mwili na mateso ya akili, na anayevunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili. Hata hivyo wapo wazazi wanaofika shuleni na mtoto na fimbo pamoja. Humwambia mwalimu: huyu ni wako, mnyooshe. Mwalimu anayekataa huonekana mlegevu, na anayekubali huachwa peke yake siku mtoto akiumia, kwa maana mzazi aliyetoa ruhusa ndiye atakayekuwa wa kwanza kwenda polisi. Ruhusa ya mzazi haina nguvu yoyote mbele ya sheria. Mzazi hawezi kumpa mwalimu haki ambayo yeye mwenyewe hanayo.

Fimbo si njia pekee ya kumvunja mtoto. Mwaka 2023 walimu wa shule moja ya msingi katika Kaunti ya Kisii walikamatwa na kufikishwa mahakamani baada ya kusambaa kwa video ya watoto wakiamrishwa kuigiza vitendo vya aibu. Tukio kama hilo, bila kujali uamuzi wa mahakama, linafaa kusomwa na kila chuo cha ualimu kwa ajili ya swali moja: mwalimu mwingine aliyekuwa karibu alipaswa kufanya nini katika dakika ile? Jibu la kanuni ni kwamba alipaswa kuzuia, kisha kuripoti. Kutazama ni kushiriki, na kurekodi ni kumdhalilisha mtoto mara ya pili, safari hii mbele ya taifa zima.

Suala la fedha linaweza kuelezwa kwa ufupi. Masomo ya likizo yalipigwa marufuku na Sheria hiyo hiyo ya Elimu ya Msingi ya 2013, na tuisheni ya kulipia inayoendeshwa na mwalimu kwa wanafunzi wake mwenyewe ina ubaya ulio wazi: humpa faida ya kufundisha vibaya asubuhi. Basari inayogawiwa kwa kuangalia ukoo na michango isiyo na risiti ni makosa ya aina hiyo hiyo.

Ukoo unahitaji maneno zaidi. Wazazi katika baadhi ya maeneo wamewahi kufunga lango la shule kumkataa mwalimu mkuu kwa kuwa ametoka upande mwingine wa Gusii, kwamba huyu ni wa Mugirango na shule ni ya Kitutu, au kwa kuwa si wa dhehebu la kanisa lililoanzisha shule. Kuanzia mwaka 2018 TSC iliwahamisha walimu wakuu wengi na kuwapeleka mbali na kwao, sera iliyoachwa mwaka 2022 baada ya malalamiko ya vyama vya walimu na wabunge. Malalamiko yalikuwa na msingi, kwani familia zilitenganishwa na wagonjwa wakakosa walezi. Lakini lengo la sera lilikuwa la kweli, na sera ilipoachwa halikupata mbadala. Mwalimu mkuu anayefanya kazi kwao bado anahitaji ulinzi dhidi ya watu wake, na ulinzi huo kwa sasa ni msimamo wake tu.

Mahusiano ya kimapenzi kati ya mwalimu na mwanafunzi hayana utata wowote katika sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaadhibu unajisi wa mtoto kwa vifungo virefu hadi kifungo cha maisha, kulingana na umri wake, na kifungu chake cha 24 kinamtia hatiani mwalimu anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi wa shule, kwa kifungo kisichopungua miaka kumi. Waraka wa TSC namba 3 wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu yeyote anayepata habari za unyanyasaji aripoti ndani ya saa 24. Anayeficha naye huadhibiwa.

Penye ugumu ni nyumbani kwa msichana. Mara nyingi wazee huitwa, mwalimu aliyetenda huleta pesa au ng'ombe, mama wa msichana huambiwa asiharibu jina la mtoto wake, na kila mtu huondoka akiamini kwamba amani imepatikana. Mwalimu mkuu hualikwa kama shahidi. Huu ndio wakati wa kuelewa kwamba kosa la jinai dhidi ya mtoto si mali ya baba yake kiasi kwamba aweze kulisamehe kwa malipo. Mwalimu mkuu anayekaa kwenye kikao hicho ameshiriki katika kulificha kosa, na anayemwandikia mtuhumiwa barua ya uhamisho amewapelekea wasichana wa shule nyingine hatari anayoijua. Mwezi Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi ya Nakuru walionajisiwa na mwalimu. Hakumwachia mwalimu mzigo wote. Aliona kwamba TSC na serikali nazo zinawajibika, na akawapa wasichana hao fidia ya jumla ya shilingi milioni tano. Kwa uamuzi huo, kunyamaza kwa taasisi kuna gharama inayoweza kudaiwa kortini.

Lakini hakuna jambo linalompima mwalimu wa Gusii kuliko ukeketaji. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 84 ya wanawake wa jamii ya Kisii wenye umri kati ya miaka 15 na 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 21. Zamani jambo hili lilifanywa kwa nyimbo na sherehe mchana. Siku hizi hufanywa kwa siri, usiku, na mara nyingi na muuguzi au mtu mwingine wa afya, kwa wasichana wadogo wa shule za msingi. Msimu wake ni likizo ya Novemba na Desemba. Hivyo mwalimu huwa miongoni mwa watu wa mwisho nje ya familia kumwona msichana kabla ya kisu, na wa kwanza kumwona Januari.

Dalili hujulikana. Msichana huanza kuzungumzia safari ya kwa bibi, nguo mpya, zawadi. Wenzake waliokwisha kufanyiwa humwita egesagane, tusi la asiyekeketwa, na mwalimu huyasikia hayo uwanjani. Sheria ya Kukataza Ukeketaji ya mwaka 2011 imeyaona yote mawili. Kifungu cha 24 kinafanya kuwa kosa kujua kwamba ukeketaji umefanyika, unafanyika au unapangwa, kisha mtu asiripoti. Kifungu cha 25 kinaadhibu matusi dhidi ya mwanamke kwa kuwa hakukeketwa. Anayekosa kuripoti anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000. Mwalimu, basi, hana nafasi ya kusema kwamba hayo ni mambo ya nyumbani.

Na bado mama anayepanga jambo hilo huenda ni mke wa kaka yake. Huenda mwalimu mwenyewe, akiwa mwanamke, alipitia huko na hajawahi kulitamka. Muuguzi ni jirani wa kanisani. Akiripoti, polisi watakuja kwa gari, msichana atamwona mama yake akichukuliwa, na wote watajua nani alisema. Asiporipoti, mtoto atakatwa. Anayeliona jambo hili kuwa jepesi hajawahi kuishi katika nyumba zilizopangana kama zile za Kitutu Masaba.

Uamuzi unaofaa unaanza kwa kupanga wenye haki kwa daraja. Mama ana haki ya kuheshimiwa na ukoo una haki ya kusikilizwa, lakini mwili ni wa msichana na hakuna atakayemrudishia kilichoondolewa. Madhara yasiyorekebishika hutangulia yale yanayoweza kurekebishwa: undugu uliovunjika unaweza kuungwa baada ya mwaka au miaka kumi. Daraja hilo likishapangwa, linalobaki ni swali la namna na wakati. Mwalimu mwenye busara hangoji Novemba. Hulizungumzia darasani mwezi Mei, katika somo la sayansi au la dini, huwaita wazazi mapema wakati bado hakuna wa kukamatwa, na huwatumia wachungaji na mapadri ambao kauli yao ina uzito kuliko yake. Kuonya mapema ndiko kumheshimu mama. Habari ikija kwamba siku imepangwa, mazungumzo yamekwisha na taarifa lazima ifike kwa polisi, kwa afisa wa watoto au kwa chifu. Pale ambapo chifu ni jamaa wa familia, isiishie kwake.

Wajibu huu hauwezi kubebwa na mwalimu mmoja, na hapa wakubwa wa elimu wana deni. Mwalimu anayeripoti wizi wa mtihani, unajisi au ukeketaji katika kijiji chake anahitaji kuhakikishiwa kwamba jina lake halitatajwa kwenye baraza la chifu, na kwamba akiomba uhamisho kwa usalama wake atapewa kwa siku chache badala ya miaka. Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, vinavyomtetea kwa bidii mwalimu aliyesimamishwa kazi, vina sababu nzuri zaidi ya kumtetea aliyetengwa kwa kusema kweli. Bodi za shule nazo zinaweza kuanza na hatua isiyo na gharama: kila mwaka, katika mkutano wa kwanza wa wazazi, mwalimu mkuu asome kwa sauti mambo ambayo shule itaripoti bila kumwuliza mtu ruhusa. Mzazi aliyeyasikia hayo mwezi Januari hatasema mwezi Desemba kwamba amesalitiwa na shemeji. Mwalimu naye atakuwa na jibu asilohitaji kulibuni.

Walimu wakuu wa Kisii na Nyamira wanaombwa wayaandike mambo hayo kwa Ekegusii na Kiswahili, na kuyabandika mahali ambapo wanafunzi wenyewe watayasoma, pamoja na nambari 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo kutoka popote nchini.